Mshipa mweupe shambani Korogwe: umri wake hautakuambia kilichomo

Swali: Shikamoo mzee. Kwenye shamba la mjomba wangu huku milimani, wilaya ya Korogwe, kuna mshipa wa mawe meupe unaokata kilima kutoka juu hadi kijitoni. Upana wake ni kama hatua mbili. Ndani yake kuna ulanga, vipande vingine vikubwa kama kiganja, na nguzo nyeusi zinazong'aa zenye mistari. Dalali mmoja amemwambia mjomba kwamba mshipa wa kale sana ndio unaobeba vito, kwa hiyo atoe fedha sampuli ipelekwe nje ya nchi kupimwa umri. Mwingine alikuja na mashine ya mkononi, akaielekeza kwenye jiwe, akasema humo mna lithiamu. Huu mshipa ni kitu gani, una miaka mingapi, na tumwamini nani?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na la fedha, maana najua ndilo linalomnyima mjomba wako usingizi. Asitoe hata senti kupima umri. Umri wa mshipa huo nitakukadiria hapa hapa, bure, bila kupanda mlima, na ukishaujua bado hutajua kama kuna kito. Kilichomo ndani huelezwa na mambo mawili: kemia ya felspa (yale madini meupe yaliyoujaza mshipa) na ulanga wake, na aina ya mwamba ambao mshipa umeupasua. Mashine ya mkononi nayo ina mambo yake, nitaifikia.

Ulichokieleza ni pegmatiti. Ni ndugu wa graniti, yaani felspa, kwatzi na ulanga, ila punje zake ni kubwa kupita kawaida. Zile nguzo nyeusi, ukiivunja moja ukaitazama kwa juu, utaona umbo la pembetatu lenye mbavu zilizobinuka. Hiyo ni tomalini nyeusi, na imeshatupa taarifa ya kwanza: kimiminika kilichozaa mshipa kilikuwa na boroni ya kutosha na chuma. Boroni ni jambo jema. Chuma, kwa mtu anayetafuta tomalini za rangi, si jambo jema, kwa sababu chuma kikiwa kingi kila kitu hugeuka cheusi. Tomalini ya waridi au ya kijani angavu hutokea pale ambapo chuma kimekwisha kutumika na lithiamu imeanza kuingia kwenye fuwele badala yake. Kwa hiyo nguzo nyeusi hazimaanishi utajiri, wala hazimaanishi umaskini. Zinamaanisha kwamba sehemu uliyoiona ni ya mwanzo wa safari ya kemia, si ya mwisho.

Safari yenyewe ni hii. Magma kubwa ya graniti, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopoa chini ya ardhi, felspa, kwatzi na ulanga huganda kwanza, na kila fuwele huchagua atomi zinazotoshea ndani yake. Zisizotoshea hubaki nje, kwenye kimiminika kilichosalia. Umewahi kwenda mashamba ya chumvi ya huku pwani ukaona yale maji ya mwisho yanayobaki baada ya chumvi kuganda, machungu, ambayo hakuna anayeyataka? Ndani yake kuna magnesiamu na vyote vilivyokataliwa na fuwele za chumvi. Pegmatiti ni mabaki ya namna hiyo, isipokuwa huku kilichokataliwa ndicho tunachokitaka: lithiamu na beriliamu kwa kuwa atomi zake ni ndogo mno, rubidiamu na sesiamu kwa kuwa ni kubwa mno, tantalamu, niobiamu, urani. Pamoja navyo hubaki maji, boroni, florini na fosforasi. Hivi vinne vina kazi ya pekee. Vinashusha joto la kuganda na kuifanya magma nzito iwe nyepesi ya kutiririka, kiasi kwamba inaweza kupenya kwenye ufa mwembamba, kama ule wa mjomba wako, na kwenda mbali na chanzo chake.

Hapa watu wengi, hata waliosoma, husema fuwele za pegmatiti ni kubwa kwa sababu zilipoa polepole sana. Haiko hivyo. Mshipa wa mita mbili ulioingia kwenye mwamba uliopoa kuliko wenyewe hauwezi kukaa na moto kwa maelfu ya miaka. Mahesabu ya upotevu wa joto yaliyofanywa kwa mishipa myembamba ya California yanatoa muda wa siku, wiki au miezi. Majaribio ya maabara yanaonyesha kinachotokea: magma yenye maji na boroni hupoa haraka hadi chini ya joto ambalo ingepaswa kuganda, lakini mbegu za fuwele hukataa kuanza. Zikianza ni chache, na atomi zinasafiri kwa urahisi ndani ya kimiminika chepesi, basi zile mbegu chache zinakula kila kitu. Ndiyo maana kwenye mgodi wa Etta, South Dakota, Marekani, ilipatikana fuwele ya spodumini, madini ya lithiamu, yenye urefu wa takribani mita 14. Ulanga wa ukubwa wa kiganja chako ni mtoto mbele yake.

Sasa chukua nyundo, urudi shambani, ila usianze kupiga katikati. Tembea kutoka ukingoni kuelekea ndani. Pegmatiti iliyopangika vizuri ina kanda. Kwenye ukingo, punje ni ndogo, kama graniti ya kawaida. Ukisogea ndani kidogo unapata felspa na ulanga, mara nyingi pamoja na felspa iliyochorwa na vijipande vya kwatzi kana kwamba mtu ameandika juu yake herufi asizozijua. Ndani zaidi felspa inakuwa mabonge, na katikati kabisa kuna kwatzi tupu, nyeupe au ya kijivu. Madini adimu hupenda kukaa kati ya mabonge ya felspa na ile kwatzi ya katikati. Hapo ndipo utakapokuta berili, madini ya beriliamu, yenye pembe sita kama ipo, na hapo ndipo uangalie kama felspa nyeupe imebadilika kuwa mabamba membamba yaliyopangana. Mabamba hayo ni albiti, felspa ya sodiamu, na ukiyaona pamoja na ulanga wenye rangi ya zambarau, niandikie siku hiyo hiyo. Ulanga wa zambarau kwa kawaida ni lepidoliti, nao una lithiamu kweli.

Kama mshipa mzima ni mchanganyiko mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, bila kanda, basi magma yake haikusafiri mbali kikemia. Na huku kwetu nyingi ziko hivyo. Milima ya Usambara, Pare, Ukaguru na Uluguru imejengwa kwa naisi na granuliti, miamba iliyopikwa kwenye kina cha zaidi ya kilomita 30 kwa joto lililopita nyuzi 800. Pegmatiti zilizoingia kwenye miamba ya namna hiyo mara nyingi ni za ukoo wa ulanga: zinatoa ulanga mkubwa na felspa, na mara mojamoja madini ya urani, lakini lithiamu hukosekana. Uluguru ndiyo mfano mkuu. Ulanga wake ulichimbwa tangu enzi za Wajerumani, ukatumika kuzuia umeme kwenye mitambo.

Wataalamu hugawa pegmatiti zenye madini adimu katika koo mbili. Moja hukusanya lithiamu, sesiamu na tantalamu, na chanzo chake mara nyingi ni matope ya bahari ya kale yaliyozikwa na kuyeyuka mabara yalipogongana. Nyingine hukusanya niobiamu, itriamu na florini, na huzaliwa zaidi pale ambapo bara linavutwa na kupasuka. Huu mgawanyo una mianya yake, na binafsi huutumia kama tochi tu, siyo kama sheria. Pegmatiti nyingi nilizoshika mkononi hazimo kwenye ukoo wowote kati ya hizo mbili. Ni felspa, kwatzi na ulanga basi.

Utajuaje bila kubahatisha? Pima felspa. Potasiamu na rubidiamu zina tabia zinazofanana, ila rubidiamu ni kubwa kidogo, kwa hiyo huchelewa kuingia kwenye fuwele. Kadiri magma inavyosafiri, rubidiamu inaongezeka kwenye felspa na uwiano wa potasiamu kwa rubidiamu unashuka. Tuseme felspa ya mjomba ina potasiamu asilimia 10, yaani sehemu 100,000 katika milioni. Ikiwa rubidiamu ni sehemu 400 katika milioni, uwiano ni 250, sawa na graniti yoyote ya kawaida, na lithiamu isahau. Ikiwa rubidiamu ni 3,000, uwiano ni karibu 33, na hapo hata mimi nitapanda huko juu na fimbo yangu. Chukua felspa kutoka ukingoni, katikati, na kwenye ncha za mbali za mshipa. Ukiona uwiano unashuka ukielekea upande mmoja, fuata upande huo.

Hiyo ni habari ya mshipa wenyewe. Lakini kwa Korogwe naweka uzito zaidi kwenye mwamba wa pembeni, na sababu yake iko ndani ya wilaya yenu: Kalalani, bonde la mto Umba.

Kule Umba, tangu miaka ya 1960, wametoa rubi na safaya za rangi ambazo huwezi kuzimaliza kuzitaja: bluu, zambarau, njano, machungwa, kijani iliyofifia, na nyingine zinazobadilika rangi ukitoka juani kwenda kwenye taa. Korundamu hiyo (rubi na safaya zote ni korundamu, alumini na oksijeni tu) ilitoka kwenye mishipa ya pegmatiti. Sasa jiulize. Pegmatiti ya kawaida imejaa kwatzi, na kwatzi ni silika tupu, yaani silikoni na oksijeni. Korundamu na silika haviwezi kukaa chumba kimoja kwenye kina cha kawaida cha ardhi. Silika ikiwepo huikamata alumini na kutengeneza felspa, au madini kama silimaniti na kayaniti. Basi korundamu ilipatikanaje?

Mishipa ile haikupasua naisi. Ilipasua serpentiniti, mwamba wa kijani-cheusi wenye magnesiamu nyingi na silika kidogo, mwamba wenye njaa ya silika. Mahali pegmatiti yenye moto ilipogusana nao, silika ilihama kutoka kwenye mshipa kwenda kwenye serpentiniti, na magnesiamu ikaja upande huu. Kwatzi ikaisha. Kisha felspa yenyewe ikaanza kunyang'anywa silika. Felspa ya sodiamu ina atomi tatu za silikoni kwa moja ya alumini. Ukiendelea kuitoa silikoni, alumini inabaki bila mwenzi, na alumini isiyo na mwenzi huganda kama korundamu. Serpentiniti ikatoa pia kromiamu, ambayo ndiyo huipa rubi wekundu, na chuma pamoja na titaniamu vikachora bluu. Kuna mabishano kama kazi hiyo ilifanywa na magma yenyewe au na maji ya moto yaliyopita baadaye kando ya mshipa. Mimi naelemea kwenye maji ya moto kwa sehemu kubwa, kwa jinsi ukanda wa ulanga wa pembeni ulivyo mpana, lakini kwa mchimbaji tofauti hiyo haina athari: mahali pa kutafuta ni palepale.

Zumaridi za karibu na ziwa Manyara zina kisa cha jamaa yake. Beriliamu ilitoka kwenye pegmatiti, kromiamu ikatoka kwenye mwamba wa magnesiamu, vikakutana kwenye ulanga mweusi wa mpakani. Kila kimoja kingebaki kwao, kusingekuwa na zumaridi.

Kwa hiyo hili ndilo nitakalo ulifanye kabla ya lingine lolote. Fuata mshipa wa mjomba kwa urefu wake wote, uandike kila mahali mwamba wa pembeni unapobadilika. Naisi ni rahisi kuijua: ina mistari myeupe na myeusi inayopishana, kama zile kuta zilizokatwa kwenye barabara ya Mombo kupanda Lushoto. Serpentiniti ni ya kijani-cheusi, inateleza kidoleni, kisu kinaikwaruza, na mara nyingi sumaku inanasa kwa sababu ya magnetiti, madini ya chuma, iliyomo. Ukiona mshipa umeingia kwenye mwamba wa namna hiyo, kwatzi ikatoweka, na kando yake kukawa na ukanda wa vipande vya rangi ya dhahabu-kahawia vinavyofanana na ulanga, chukua kipande kimoja ukiweke kwenye jiko la mkaa. Kikivimba na kujikunja, hiyo ni vemikuliti, na uko mahali sahihi. Kisipovimba, huenda ni ulanga wa kawaida uliochakaa. Jaribio hili halina gharama, na limeshinda madalali wengi.

Na kinyume chake: mahali ambapo mshipa una kwatzi tele ndani ya naisi, mtu akikuuzia habari ya rubi kutoka hapo hapo, mshukuru kwa ziara, mpe chai, aende zake.

Neno moja kuhusu mvua zenu. Amani hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na milima yote ya Usambara ya mashariki ni ya maji. Felspa iliyokaa kwenye unyevu wa namna hiyo kwa muda mrefu huoza na kuwa kaolini, udongo mweupe unaopakaza. Wachimbaji wengi huuona udongo huo wakadhani mshipa umekwisha. Haujaisha. Tomalini, ganeti, kwatzi na korundamu hazisumbuliwi na mvua, kwa hiyo udongo huo unaweza kuchekechwa kijitoni kwa chujio, kazi nyepesi kuliko kupasua jiwe. Kwa kweli kijito chenyewe kimekuwa kikichekecha tangu zamani. Anza na mchanga mzito uliokusanyika nyuma ya mawe makubwa.

Sasa umri, maana uliuliza, na ni habari nzuri hata kama haina fedha.

Mwaka 1906 mkemia Mjerumani, Willy Marckwald, alieleza madini mapya ya manjano yaliyotoka kwenye pegmatiti za ulanga za Uluguru. Ni kabonati ya urani, iliyotokana na kuoza kwa uraniniti (madini meusi mazito ya urani), na akaipa jina la rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Heshima hiyo ilimstahili, kwa kuwa Rutherford ndiye aliyekuwa ametoa wazo kwamba mionzi inaweza kutumika kama saa ya mawe. Mwaka uliofuata, 1907, Mmarekani Bertram Boltwood akachapisha umri wa madini ya urani kwa kulinganisha kiasi cha risasi, ile metali, na cha urani. Na mwaka 1911 Mwingereza kijana, Arthur Holmes, ambaye baadaye aliifanya kazi hiyo kuwa sayansi kamili, alikuwa Msumbiji akitafuta madini na kuugua malaria. Ni huyo huyo aliyeupa jina la Msumbiji ule ukanda mrefu wa naisi unaopita Msumbiji, Tanzania na Kenya, mwaka 1951. Usambara imo ndani ya ukanda huo.

Saa ya urani inafanya kazi hivi. Urani-238 hugeuka risasi-206, na nusu yake huisha kwa miaka bilioni 4.47. Kwa mshipa wenye miaka milioni 600, uwiano wa risasi-206 kwa urani-238 iliyobaki ni karibu 0.097, yaani takribani atomi moja ya risasi kwa kila kumi za urani. Kwa miaka milioni 500 ni 0.081, moja kwa kila kumi na mbili na ushee. Maabara ikizihesabu atomi vizuri, tofauti hiyo inaonekana wazi. Uraniniti za Uluguru zinaangukia karibu na miaka milioni 600.

Lakini pegmatiti ina hila zake. Zirkoni, ambayo ndiyo saa inayopendwa na wataalamu wa graniti, kwenye pegmatiti hubeba urani nyingi mno kiasi kwamba mionzi yake huvunja mpangilio wa fuwele, na risasi inavuja. Saa inavuja, saa inadanganya. Kwa hiyo siku hizi hupimwa monaziti au kolumbiti, madini mengine yenye saa hiyo hiyo, badala yake. Ulanga nao una saa, ya potasiamu kugeuka agoni, ila saa hiyo inaanza kuhesabu ulanga ukishapoa hadi karibu nyuzi 400. Hapa kwetu hilo ni jambo kubwa. Granuliti za Usambara na jirani zake zilifikia kilele cha joto karibu miaka milioni 640 hadi 620 iliyopita, kisha zikapoa kwa mwendo wa nyuzi chache tu kwa kila miaka milioni moja. Fanya hesabu: kutoka nyuzi 800 hadi 400 kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka milioni 80. Ndiyo maana ulanga wa milima hii hutoa umri wa karibu milioni 500, wakati monaziti ya mahali hapohapo inatoa zaidi ya milioni 600. Zote zinasema kweli. Moja inasema lini fuwele ilizaliwa, nyingine inasema lini mwamba wote ulipoa.

Kwa hiyo mshipa wa mjomba wako, ikiwa umekata mistari ya naisi moja kwa moja bila kukunjwa nayo, ulikuja baada ya mistari ile kuumbwa na kabla mwamba wa hapo haujapoa kabisa. Mahali fulani kati ya miaka milioni 640 na 500. Huo ndio umri ambao dalali alitaka muulipie.

Mlima wenyewe, ule ukuta unaouona ukisimama Mombo, ni habari nyingine kabisa. Mipasuko iliyouinua ni ya baadaye sana. Chokaa ya mapango ya Amboni, pale karibu na Tanga mjini, iliwekwa na bahari katika kipindi cha Jura, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita, na wakati huo mshipa wenu ulikuwa tayari mzee, umekaa kimya ndani ya ardhi. Mtu akikuambia umri wa mlima, muulize kwanza anazungumzia kipi: mwamba, mshipa, au mwinuko.

Na huo umri unahusiana vipi na utajiri? Tazama. Mgodi wa Greenbushes, Australia, miongoni mwa migodi mikubwa kabisa ya lithiamu duniani, umo kwenye pegmatiti ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Pegmatiti za bati na koltani za Kagera na Rwanda, pamoja na ile kubwa ya lithiamu ya Manono, Kongo, zina karibu miaka bilioni moja. Za Alto Ligonha, Msumbiji, na za Madagaska, zilizoleta tomalini za rangi zote, ni za karibu milioni 500, rika la chini kidogo kuliko zenu. Na kisiwa cha Elba, Italia, ambako tomalini ya lithiamu ilipata jina lake la elbaiti, pegmatiti zake zina kama miaka milioni 7 tu. Ukipanga hizo kwa umri hupati mstari wowote wa utajiri. Unachopata ni nyakati ambazo mabara yaligongana, na hilo linamsaidia mtu anayetafuta kwenye ramani ya bara zima. Mwenye shamba moja halimsaidii.

Tumefika kwenye mashine. Zile za mkononi zinazofanana na bunduki hupiga jiwe kwa miali ya eksirei na kusoma miali inayorudi. Ni chombo kizuri, na ningependa kila ofisi ya madini iwe nacho. Lakini haioni lithiamu. Atomi za lithiamu, beriliamu na boroni ni nyepesi mno. Miali yake ni dhaifu, inamezwa na hewa kabla haijafika kwenye kipokezi. Kwa hiyo aliyesema ameona lithiamu kwa mashine hiyo, ama hakuielewa, ama aliielewa vizuri sana. Ipo aina nyingine ya mkononi, ya leza, inayoweza kuigusa lithiamu, nayo ni adimu na ghali. Mrudishieni huyo bwana swali dogo: rubidiamu ilisoma ngapi kwenye felspa? Rubidiamu mashine ya eksirei inaisoma barabara, pamoja na potasiamu. Akitoa namba hizo mbili, gawa mwenyewe kama nilivyokuonyesha, utajua zaidi kuliko alivyokusudia kukuambia.

Mkihitaji kipimo cha lithiamu chenyewe, pelekeni kwenye maabara inayosaga jiwe na kuliyeyusha kwa kemikali. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iko Dodoma, na huko pia mtapata ramani ya jiolojia ya eneo lenu. Tafuteni kwenye ramani hiyo kama serpentiniti imechorwa karibu na shamba. Mjomba pia ajue kwamba kumiliki shamba si kumiliki madini yaliyo chini yake. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 madini ni mali ya umma, na kuchimba kunahitaji leseni, ile ndogo ya wachimbaji wadogo ikiwa ya Watanzania pekee. Aanzie kwa Afisa Madini Mkazi wa Tanga kabla dalali hajaanzia huko kwa jina lake. Na kama mshipa unaingia kwenye msitu wa hifadhi, mwisho wake ni mpakani.

Mkivunja kwatzi, mwageni maji kwanza. Vumbi lake huua mapafu taratibu. Jiwe jeusi, zito kuliko saizi yake, lenye ukoko wa manjano au machungwa, msilitie mfukoni wala msiliweke ndani ya nyumba mnamolala, kwa kuwa linaweza kuwa uraniniti.

Nitumie picha tatu: ukingo wa mshipa mahali unapogusana na mwamba wa pembeni, sehemu ya katikati, na kile kipande cha kahawia baada ya kukaa kwenye mkaa. Weka sarafu kando ya kila kimoja ili nijue ukubwa.